Uzi: Kuvuta trela kwa gari la porini, kuanzia Kiserian hadi Magadi na kwingineko

#1 – Shingo ya Trela

Salaam kwenu wanajukwaa. Likizo ikikaribia, swali huwa ni lile lile: je, gari langu litaweza kuvuta trela lililojaa mahema, maji na kuni hadi Magadi, Mara au Marsabit? Kwa maoni yangu hilo ndilo swali jepesi kuliko yote, maana Prado ya dizeli, Defender ya zamani na Land Cruiser 79 zote zina nguvu za kutosha kulitoa trela la kilo 700 pale Kiserian na kulipandisha hadi Corner Baridi bila taabu kubwa. Kazi huanzia upande wa pili wa kilima, ambako barabara inashuka kutoka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari hadi takriban mita 600 ziwani Magadi, na kila kilo uliyoipandisha inataka kukupita mteremkoni. Kwa hiyo katika uzi huu nitazungumzia zaidi jinsi ya kulidhibiti trela kuliko jinsi ya kulivuta.

Nianze na mahali pa kuweka mzigo, kwa sababu kuparekebisha hakugharimu hata shilingi moja. Hamali yeyote wa mkokoteni pale Gikomba analijua jambo hili bila kusomea: mzigo ukielemea nyuma ya ekseli, mikono ya mkokoteni inamnyanyua, ukielemea mbele kupita kiasi, unamlemea yeye mwenyewe. Trela la ekseli moja lina tabia hiyo hiyo. Uzito unaokaa juu ya tufe la gari, yaani ule mpira wa chuma wa nyuma unaounganishwa na trela, ambao hapa nitauita uzito wa shingo, Wamarekani hupenda uwe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote wa trela. Waaustralia husema asilimia 10 hivi. Ulaya hukubali hata asilimia 5 hadi 7. Kwa barabara zetu, zenye matuta na malori yanayokupita kwa upepo mkali, mimi sishuki chini ya 10.

Tuchukue mfano. Trela lina uzito wa kilo 700 pamoja na mzigo, na kutoka kwenye tufe hadi ekseli ni mita 2.5. Ukiipakia jenereta ya kilo 60 nyuma kabisa, sentimita 80 nyuma ya ekseli, inapunguza uzito wa shingo kwa kilo 19 hivi. Ukiihamishia sentimita 50 mbele ya ekseli, inauongeza kwa kilo 12. Mabadiliko yote ni kilo 31, na ukikumbuka kwamba tunatafuta kilo 70 tu shingoni, utaona kwamba kifaa kimoja kilichowekwa pasipostahili kinaweza kugeuza trela tulivu kuwa trela linalotikisa mkia kwa kilomita 80 kwa saa. Maji yakae juu ya ekseli au mbele yake kidogo, chini kabisa. Mkebe wa lita 20 za maji una kilo 20 za maji kabla hujauhesabu mkebe wenyewe, na wa dizeli una kilo 17 hivi.

Kupima ni rahisi. Trela likiwa limepakiwa na limesimama mahali tambarare, weka mizani ya bafuni chini ya kikombe cha trela (kile kinachokaa juu ya tufe), simamisha kipande cha mbao juu yake kwa kimo kile kile cha tufe la gari, kisha ushushe shingo polepole kwa gurudumu dogo la mbele hadi mbao ibebe uzito wote. Soma kipimo. Kama shingo imeinuka au imeinama kuliko itakavyokuwa barabarani, kipimo hicho kitakudanganya. Jambo hili linawahusu hasa wale walioinua magari yao kwa springi ndefu bila kushusha kimo cha tufe.

Uzito huo pia si mgeni wa bure kwa gari. Tufe la Prado likiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, na umbali kati ya ekseli zake mbili ukiwa mita 2.79, kilo 70 za shingo zinaongeza takriban kilo 100 kwenye ekseli ya nyuma na kuipunguzia ya mbele kilo 30. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayopiga kona na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Ukijaza buti la gari pia, ndipo unapoona taa zikimulika miti badala ya barabara.

Trela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta kwa upole, shika usukani ukiwa umenyooka, na usikanyage breki ya mguu. Wala usisikilize ushauri wa kuongeza mwendo ili "kulinyoosha", kwa kuwa mwendo ndio ulioanzisha matata. Kama trela lina breki za umeme zenye kidhibiti ndani ya gari, bonyeza breki ya trela peke yake. Mwendo ukishapungua, simama mahali salama na upange mzigo upya, kwa sababu sababu ya kuyumba haijaondoka.

Mwisho, kabla hamjauliza kuhusu sheria: trela lina logbuku yake na namba yake inayoanza na herufi Z, tofauti na ya gari. Uliza pia kampuni yako ya bima kwa maandishi kama bima ya gari inalihusu trela linapokuwa limeungwa.

#2 – Binti Kitengela

Asante sana, kaka, kwa maelezo haya. Nina trela dogo la futi sita kwa nne, ekseli moja, halina breki kabisa. Aliyeniuzia alisema kwamba trela la ukubwa huo halihitaji breki. Je, ni kweli? Na swali la pili, ambalo naona haya kuliuliza mbele ya mafundi: kila ninaporudi nyuma, trela huenda upande nisioutaka, na walinzi wa lango letu wameshakuwa watazamaji wa kudumu.

#3 – Shingo ya Trela

Dada, hakuna haya hapa. Tuanze na lango. Shika usukani kwa mkono mmoja sehemu ya chini kabisa. Ukitaka sehemu ya nyuma ya trela iende kushoto, peleka mkono huo kushoto. Ukitaka iende kulia, peleka kulia. Fanya hivyo kidogo kidogo, gari likienda mwendo wa mtu anayetembea, na mara uonapo trela limeanza kugeuka, rudisha usukani na ulifuate, usingoje ligeuke kabisa. Likikunjika kupita kiasi, usijaribu kuliokoa kwa kurudi nyuma zaidi. Songa mbele mita chache linyooke, uanze upya. Trela fupi ni gumu kurudisha kuliko refu kwa sababu hugeuka haraka, hivyo walinzi wasikucheke, unajifunza kwa chombo kigumu.

Kuhusu breki, aliyekuuzia amesema nusu ya ukweli. Ulaya na Australia huruhusu trela lisilo na breki hadi kilo 750, na Uingereza huongeza sharti kwamba lisizidi nusu ya uzito wa gari linalolivuta. Lakini hizo ni kilo za trela pamoja na mzigo. Fremu ya chuma, kifuniko, tairi la akiba, maji lita 100, hema la juu, majiko na mtungi wa gesi hufika 750 mapema kuliko mtu anavyodhani. Lipeleke kwenye mizani ya magari likiwa limepakiwa kama unavyosafiri, kisha uamue. Likizidi 600 na safari zako ni za kushuka Magadi au kuteremka njia ya zamani ya Maai Mahiu, mimi ningeweka breki, sheria iseme isiseme.

#4 – Fundi wa Light Industries

Nimechomelea trela hapa Kariobangi kwa muda mrefu, naomba niongeze yale ambayo wateja hawayaoni.

La kwanza ni tufe na kikombe. Kuna tufe la milimita 50 na kuna la inchi 2, ambalo ni milimita 50.8. Tofauti haionekani kwa macho, lakini kikombe cha inchi 2 kikikaa juu ya tufe la 50 kitacheza na kulika, na siku ya shimo kubwa kinaweza kuruka. Kikombe cha 50 juu ya tufe la inchi 2 nacho hakifungi sawasawa. Kipimo huwa kimegongwa kwenye chuma cha vyote viwili. Futa grisi usome. Ukishafunga kikombe, zungusha gurudumu dogo la mbele kana kwamba unataka kuinua shingo, hadi nyuma ya gari ianze kuinuka kidogo. Kikombe kikibaki kimeng'ang'ania, kimefunga. Kikitoka, umshukuru Mungu kwamba kimetoka ukiwa bado uani.

Minyororo ya usalama iwe miwili, ipishane chini ya shingo kwa umbo la msalaba, ili shingo ikianguka idakwe na minyororo isichimbe lami. Iwe mirefu ya kutosha kupiga kona lakini isiburuzike. Shakeli zake, yaani pingu za chuma za kuifungia, ziwe zimegongwa uzito zinaoubeba. Ile isiyo na maandishi, ya kufungia turubali, iache dukani.

Mikono ya trela hupasuka pale inapokutana na fremu ya mbele, na aghalabu ufa huanzia kwenye weldi iliyokatisha mkono kutoka ubavu hadi ubavu. Mwambie fundi wako achomelee kwa urefu wa mkono na asiuwekee kiraka chenye ncha iliyokatwa wima. Ukaguzi wake hauhitaji mashine: osha sehemu hiyo, iache ikauke, kisha tafuta mstari mwembamba wa kutu unaopita katikati ya rangi. Mstari huo ni ufa.

Na taa. Ukiwasha indiketa ya kushoto na taa zote za nyuma zikapepesa pamoja, usinunue balbu. Waya wa ardhi umeoza au haukushika. Kwenye plagi ya matundu saba ndio waya mweupe, tundu la tatu. Mara nyingi mtu hutegemea tufe lenyewe lirudishe umeme, na grisi hiyo hiyo aliyoipaka inamkatalia.

#5 – Dereva Mkongwe

Ndugu zangu, kwa heshima zote, naona mnawatisha watu. Nimevuta trela lisilo na breki kwa Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, nimepanda na kushuka bonde la ufa, na gari halikushindwa. Gari la tani mbili na ushee lina breki za kutosha kwa kijitrela. Shida yangu pekee ilikuwa kupanda, si kushuka: pale Kinungi lilikuwa likinyong'onyea hadi gia ya tatu. Labda mtushauri kuhusu nguvu.

#6 – Shingo ya Trela

Mzee wangu, shikamoo. Kunyong'onyea kwa 1HZ kuna maelezo. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, hivyo zaidi ya mita 2,000 huko juu umeshaacha njiani moja ya tano ya nguvu zake. Hilo si kosa la trela, na halina hatari. Unapanda polepole, unawapisha wenye haraka.

Kuhusu breki, naomba nitofautiane nawe. Breki za gari hilo zinatosha kusimama mara moja, zikiwa baridi. Mteremko mrefu unazitaka zisimame tena na tena kwa nusu saa, na breki iliyopata moto kupita kiasi hupoteza nguvu hata kama pedi ni mpya. Nadhani kilichokulinda ni tabia ya madereva wa enzi yako ya kuingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka na kuiacha injini ishike gari, tabia ambayo wengi wenye giaboksi za otomatiki wameisahau. Kama gari ni otomatiki, chagua gia ya pili au ya tatu kwa mkono ukiwa bado juu, na unapohitaji breki, kanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi kisha uachie zipoe, badala ya kuegesha mguu juu yake kilomita nzima. Nishati ya mwendo nayo hukua kwa mraba: kutoka kilomita 80 hadi 110 kwa saa, breki zina karibu mara mbili ya kazi.

Niongeze tahadhari kwa walio na breki za kusukumwa, zile ambazo trela hujifunga lenyewe linapolisukuma gari. Mteremkoni trela linasukuma wakati wote, kwa hiyo breki zake zinaweza kufanya kazi bila kupumzika na kuungua bila dereva kujua. Simameni katikati ya mteremko, mahali pa wazi, na msogeze kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Breki za aina hiyo pia zinaweza kujifunga unaporudi nyuma kupanda mlima, isipokuwa zina kifaa cha kuzifungua. Dada wa Kitengela azingatie hilo kabla ya kununua.

#7 – Mpenda Nguruman

Mazungumzo yote ni ya lami. Sisi tunaovuka Magadi kwenda Nguruman, na wale wanaokwenda Chalbi, mnatuambia nini? Trela hukwama, na gari lenye trela likikwama, vijana hufunga kamba popote wanapoona chuma.

#8 – Shingo ya Trela

Hapo umegusa jambo ambalo lingestahili kuwa la kwanza. Kamba ya kunasulia isifungwe kamwe kwenye tufe. Tufe limetengenezwa kubeba mvuto wa trela. Mshtuko wa kamba inayonyumbuka unaweza kulikata shingoni likaruka kama risasi, na watu wameshauawa kwa namna hiyo, huko Australia hasa. Tumieni ndoano zilizofungwa kwenye fremu ya gari au shakeli iliyoandikwa uzito, na watazamaji wasimame mbali, ubavuni, wasiwe kwenye mstari wa kamba. Mara nyingi njia fupi ni kulifungua trela, kulitoa gari peke yake, kisha kulivuta trela kwa kamba ndefu taratibu, gari likiwa limesimama kwenye ardhi imara.

Uwezo wa kuvuta ulioandikwa kwenye kitabu cha gari ni wa lami. Kitabu cha Defender ya zamani kiliruhusu kilo 3,500 barabarani kwa trela lenye breki, lakini nje ya barabara kikashusha hadi 1,000. Magari mengine hayatoi takwimu ya pili, na ukimya huo usisomwe kama ruhusa.

Tufe la kawaida pia lina mipaka ya kujipinda. Gari likiingia korongo kwa pembe huku trela likiwa bado juu ya ukingo, kikombe hufika mwisho wa mwendo wake na kuanza kupinda chuma au kujing'oa. Anayekwenda Nguruman kila mara afikirie kiungo kinachozunguka pande zote. Anayekwenda mara moja kwa mwaka ashuke, aangalie pembe, apite polepole.

Matairi ya trela yafanane na ya gari, na rimu zake ziwe na idadi ile ile ya matundu, ili tairi la akiba liwe moja kwa vyote viwili. Prado na Hilux zina matundu sita kwenye duara la kipenyo cha milimita 139.7, Land Cruiser 79 ya miaka hii ina matano kwa 150, Defender ya zamani ina matano kwa 165.1. Upana kati ya magurudumu nao ulingane, trela lipite kwenye nyayo za gari mchangani badala ya kujichimbia zake. Kwenye matuta madogo yanayofuatana, teremsha upepo wa matairi yote, ya trela pia, hadi psi 26 au 28. Mchangani shuka hadi 18, uende kwa gia ndogo za chini, ambazo pia huilinda giaboksi ya otomatiki isichemke. Ukirudi kwenye lami, jaza upepo kabla ya kuongeza mwendo.

Unapovuka Ewaso Ng'iro Kusini, kumbuka kwamba trela jepesi lenye sanduku lisilopitisha maji linaweza kuelea na kuliburuta gari upande wa mkondo. Kama maji yanafika juu ya ekseli, liache sanduku lijae kidogo au usivuke. Na kabla ya kuingia majini ngoja kidogo: kitovu cha gurudumu kilichopata moto kikitumbukizwa kwenye maji baridi hufyonza maji kupitia sili, na beringi huanza kufa siku hiyo ingawa utaisikia wiki ijayo. Beba seti moja ya beringi, sili na grisi. Kwa Magadi kuna nyongeza: magadi ya ziwani hula chuma na nyaya, kwa hiyo ukifika nyumbani osha trela kwa maji safi chini, ndani ya fremu na kwenye plagi, kabla hujalala.

#9 – Mpenda Nguruman

Nimekuelewa kuhusu tufe. Na kilima kikitushinda katikati, tukiwa na trela nyuma?

#10 – Shingo ya Trela

Kanyaga breki, weka breki ya mkono na gia, abiria washuke upande wa juu na kuweka mawe nyuma ya magurudumu ya gari na ya trela, na asisimame mtu yeyote kati ya gari na trela au chini yake. Kama njia nyuma yako imenyooka, rudi nyuma kwa gia ndogo, bila klachi, ukiangalia vioo vyote viwili. Trela likianza kukunjika, songa mbele kidogo linyooke, kama nilivyomweleza dada. Kama njia ina kona, liache trela hapo likiwa limezuiwa kwa mawe, pandisha gari peke yake hadi juu, kisha uvute trela kwa winchi au kwa kamba iliyofungwa kwenye fremu. Hata hivyo, kabla ya kukipanda kilima cha namna hiyo, teremka, ukitembee kwa miguu hadi juu, na uangalie kama kuna mahali pa kugeuza.